Kongwa: Karanga ziligoma, ng'ombe wakabaki!

Msomaji wangu, kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Dodoma, mji wa Kongwa umeupita na wala hukujua. Ukishaiacha Gairo abiria karibu wote wanalala. Wanashtuka kidogo Kibaigwa kununua mahindi ya kuchoma na maji, wanarudi kulala, na wakifumbua macho tena wako Dodoma wanagombania mabegi. Katikati ya usingizi huo ndipo pana njia panda ya Mbande, na ukikata kushoto, kama kilomita 16 tu, unaingia kwenye mji ambao Waingereza walimwaga mamilioni ya pauni na kuondoka mikono mitupu, ng'ombe wakaurithi, na vijana wa nchi tano wakajifunzia humo namna ya kuzikomboa nchi zao.

Ukimwambia mtu wa mjini unakwenda Kongwa kutembea, atakuangalia kama umechanganyikiwa. "Kongwa? Kuna nini kule?" Mimi niliulizwa hivyo na washikaji wasiopungua wanne kabla ya safari. Wao kutembea ni Zanzibar au Bagamoyo, unapiga picha ufukweni, unarusha kwenye simu, basi. Sikatai, bahari ni tamu. Lakini haya ninayokuletea leo huyapati ufukweni, na mengine ukichelewa hutayapata kokote.

KUFIKA SI KAZI

Kongwa iko mashariki ya Dodoma, kama kilomita 90 hivi. Ukitokea Dar kwa basi, mwambie konda mapema kwamba unashuka Mbande, maana ukinyamaza utajikuta umefikishwa Dodoma na nauli ya kurudi ni juu yako. Kutoka Mbande kuna gari ndogo na bodaboda, na barabara ni ya lami.

Wale wa mambo ya kisasa wanaweza kupanda treni ya umeme, ile ya SGR iliyoanza kwenda mpaka Dodoma mwaka 2024, wakalala mji mkuu na asubuhi wakarudi nyuma kwa basi. Mimi nilikwenda kwa basi kwa sababu mfuko wangu na treni hiyo bado tunazoeana.

Ukishuka, jifunze neno moja tu: "Mbukwenyi!" Ndiyo salamu ya Kigogo ya kuwasalimu watu wengi. Ukikuta mtu mmoja sema "Mbukwa". Nilimtupia mama mmoja aliyekuwa anauza ubuyu stendi, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaniongezea kikombe kizima cha bure. Wazee lakini usisahau shikamoo yao. Huku heshima bado ina thamani.

ILIKUWAJE WAKAMWAGA MAMILIONI?

Hapa ndipo penye kasheshe yenyewe. Shuleni mwalimu wetu wa historia aliimaliza hii habari kwa mistari miwili ubaoni, tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Ukifika mwenyewe Kongwa na jua lile likakupiga utosini, ndipo unaelewa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 bosi wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, akaleta wazo: tulime karanga Afrika Mashariki, tukamue mafuta. Serikali ikatuma timu iliyoongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika. Wakazunguka wiki chache, wakaandika ripoti, na hesabu ikatoka: zaidi ya ekari milioni tatu zisafishwe, sehemu kubwa Tanganyika, kwa pauni milioni 25. Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia, na mapema mwaka 1947 jamaa wakatua na mahema yao.

Sasa sikia vituko. Matrekta yalikuwa hayatoshi duniani, wakachukua vifaru vya vita aina ya Sherman, wakavigeuza matrekta, wakaviita Shervick. Miti ilipokuwa migumu walitumia minyororo ya nanga za meli, unafungwa kati ya matrekta mawili, yanakwenda sambamba yakiangusha msitu. Fikiria mnyororo wa nanga Ugogoni, ambako hata mto wenyewe una maji kwa msimu! Na mbuyu nao haukubali mambo ya haraka. Unaupiga, umesimama. Unaupiga tena, nyuki waliomo ndani wanatoka, na dereva anaacha trekta linaunguruma peke yake.

Udongo ukawa balaa la pili. Mvua ikinyesha unalima vizuri tu, jua likirudi udongo unakuwa kama tofali la kuchoma. Majembe ya trekta yanakwisha, karanga zimejificha chini na hazing'oki. Mvua yenyewe Kongwa inakuja msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Machi au Aprili, na mwaka mwingine inakuja kwa kudonoa. Na si karanga tu zilizogoma. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai haki zao, mgomo ukapanda na reli mpaka bara, na Kongwa nayo ikaguswa.

Januari 1951 London ikanyoosha mikono. Zimeshakwenda pauni milioni 36. Reli waliyoijengea Kongwa kutoka Msagali nayo ikaja kung'olewa.

Mzee mmoja niliyekaa naye chini ya mwarobaini nilimuuliza, "Babu, Wagogo hawakuwaambia kwamba hapa karanga hazitakubali?" Akaniangalia kwa huruma. "Mjukuu wangu, ulishaona mwenye trekta anamuuliza mwenye jembe?" Sikuwa na la kujibu. Wagogo walikuwa wanalima uwele na mtama, mazao yanayovumilia kiangazi, na mali yao wameiweka kwenye ng'ombe wanaoweza kuhamishwa kufuata majani. Jibu la pauni milioni 36 lilikuwa linatembea kwa miguu minne mbele ya macho ya wataalamu.

NG'OMBE WENYEWE SASA

Kwa hiyo karanga zilipokufa, sehemu ya ardhi iliyosafishwa ikawa malisho. Ndiyo asili ya Ranchi ya Kongwa, ambayo leo iko chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO. Ukubwa wake ni kama hekta 38,000. Barabara kuu ya Dodoma inapita kando yake, na kituo cha basi hapo kila mtu anakiita "Narco" tu, hata mtoto mdogo.

Ng'ombe wa hapa wengi ni Borani, wale wa nyama. Usije ukafikiri ni ng'ombe wako wa kijijini mwenye mbavu za kuhesabika. Fahali wa Borani ana nundu kama begi la mgongoni, shingo imejaa ngozi inayoning'inia, na akikutazama unajikuta umemsalimia. Kundi likitoka zizini asubuhi kwenda malishoni, vumbi linapanda, jua linapenya humo, na wachungaji wanapiga miluzi ambayo ng'ombe wanaielewa. Ni maonyesho ya bure, na hayana kiingilio cha dola.

Lakini sikiliza, hii ni mali ya umma na ni sehemu ya kazi. Huingii kama unaingia sokoni. Pita ofisini, jieleze, omba ruhusa, na ukikubaliwa fuata unachoambiwa. Ukibahatika utaona josho ambamo ng'ombe wanaogeshwa dawa ya kupe, marobota ya nyasi kavu yamepangwa kungoja kiangazi, na madume yanayofugwa kwa ajili ya mbegu bora. Mfugaji mwenye akili haondoki hapo bila kuuliza maswali. Hapo unajifunza siri moja: utajiri wa ranchi ni majani, ng'ombe ni mtu wa kuyala tu.

Na ukitaka kuyajua majani yenyewe, Kongwa kuna kituo cha utafiti wa malisho, siku hizi kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI. Wanapanda nyasi za aina mbalimbali wakiangalia ipi inavumilia ukame, na wanafuga mbuzi chotara wanaoitwa Malya, wanaokua haraka kuliko wale wetu wa kufungwa kamba barabarani. Huwezi kuamini kama mtu anaweza kukueleza habari za nyasi saa nzima na usichoke. Mimi ndivyo ilivyonitokea.

MNADA NA NYAMA CHOMA

Uliza wenyeji siku ya mnada wa karibu. Wilaya hii ina minada ya mifugo, na siku yake inajulikana na kila mtu isipokuwa wewe mgeni. Nenda mapema. Utaona wanaume wenye mgolole na fimbo begani, madalali wanaobisha kama wanagombana kumbe wanasaidiana, na ng'ombe anapapaswa mgongoni, anafunguliwa mdomo, anatembezwa, anasimamishwa, mpaka unamuonea huruma. Bei haisemwi kwa sauti. Watu wanasogea pembeni, wananong'ona, mmoja anaondoka kwa hasira, anarudi, mwisho mikono inapeanwa.

Kwa Mgogo ng'ombe si nyama kwanza. Ni benki, ni ada ya shule, ni mahari. Kijana aliyekuwa kando yangu alikuwa anauza maksai wawili ili mdogo wake aende chuo, na jinsi alivyompiga yule wa pili kofi la kumuaga mgongoni nilijua hakuuza kwa furaha.

Ukishaona hayo, njaa itakuuma tu. Pembeni ya mnada moshi umeshapanda. Nyama inachomwa kwa mkaa, chumvi na ndimu, hakuna mbwembwe. Chagua mbavu, iambie familia ya mchomaji wasiharakishe, na agiza kachumbari yenye pilipili. Asiyekula choma ana supu ya makongoro asubuhi, inayoamsha hata aliyekesha.

Usiondoke bila kula ugali wa uwele kwa mlenda. Rangi yake si ya kuvutia, nakubali, lakini tonge la kwanza ukilimeza la pili linajiita lenyewe. Na jioni ukisikia zeze au marimba ya Kigogo, au kina mama wakipiga ngoma ya muheme kwenye sherehe, simama. Ngoma ile inapigwa na wanawake wenyewe, wameibana kati ya mapaja, na bega la mtazamaji linaanza kucheza bila kuomba ruhusa.

MAKABURI YANAYOZUNGUMZA

Sasa naomba tuongee kwa sauti ya chini kidogo.

Yale majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga hayakukaa bure muda mrefu. Kuanzia mwaka 1964 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika mahali pa kukaa na kufanyia mazoezi hapa Kongwa. Wakaja FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola. Kambi hizo zilipakana, kila chama na sehemu yake.

Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975, aliwafundisha wapiganaji wa FRELIMO hapa. Chris Hani, yule shujaa wa Afrika Kusini aliyeuawa mwaka 1993, aliishi Kongwa akiwa kijana mwenye umri kama wangu na wako. Sam Nujoma wa SWAPO, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Namibia, wapiganaji wake waliivuta hewa hii hii yenye vumbi. Nujoma alifariki Februari 2025. Wanaondoka mmoja mmoja.

Sehemu ya eneo la kambi leo ni Shule ya Sekondari Kongwa. Kwa hiyo ukienda, ni shule, kuna watoto wanasoma. Pita kwa mkuu wa shule kwanza. Na kuna makaburi ya wapigania uhuru waliofia hapa kabla hawajaona nchi zao zimekuwa huru. Nilisimama pale bila kusema kitu. Upepo wa Ugogoni unavuma, na wewe unafikiria kijana aliyetoka Windhoek au Port Elizabeth, akavuka mipaka kwa kujificha, akaja kulala moja kwa moja katika udongo ambao Mwingereza aliushindwa. Mama yake pengine hakuwahi kuliona kaburi hilo.

Jamani, vijana wenzangu, tunavaa fulana zenye picha za wanamapinduzi wa mbali na hatujui kwamba wengine walinunua chumvi kwenye duka la Kongwa.

NA MAPENZI JE?

Wewe ulifikiri nitasahau? Vijana wa kiume, mamia, miaka inapita wakisubiri kupelekwa vitani, na mji uko jirani una mabinti wazuri wa Kigogo. Hesabu unaijua. Wapo waliopendana, wapo waliooana, na watoto wakazaliwa. Halafu siku moja amri inatoka, kambi inahama, baba anaondoka usiku na haagi, maana safari ya vita haitangazwi.

Baadhi walirudi kuchukua familia zao uhuru ulipopatikana. Wengine walikufa. Wengine walikuwa hai na hawakurudi. Hao watoto leo ni watu wazima wenye wajukuu, na wapo wanaojua tu kwamba baba alitoka kusini. Ukizungumza na watu wa Kongwa kuhusu jambo hili zungumza kwa adabu. Kwako ni stori ya kupeleka nyumbani, kwao ni jina linalokosekana kwenye cheti cha kuzaliwa.

UKIPATA SIKU YA PILI

Nenda Mpwapwa, kama kilomita 30 na kitu mbele kwa barabara ile ile. Ni mji mkongwe wa njia ya misafara iliyokuwa inatoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Wajerumani walianzisha huko maabara ya mifugo mwaka 1905, na baadaye likapatikana kabila la ng'ombe linaloitwa Mpwapwa, lililochanganywa ili litoe maziwa na nyama na bado livumilie ukame wetu. Milima ya huko inapumzisha macho baada ya tambarare ya Kongwa.

Ukirudi pitia Kibaigwa kwa makusudi, si kwa usingizi. Soko lake la mahindi lililofunguliwa mwaka 2004 linavuta malori kutoka kila upande. Simama ukumbini uwaangalie wapakiaji wanavyorusha magunia; utaacha kulalamika kuhusu kazi yako ya ofisini.

YA KUZINGATIA

Kofia usiache, jua la Kongwa halina mswalie Mtume. Maji beba ya kutosha. Kama unataka majani ya kijani na ng'ombe wanene, nenda Machi na Aprili; ukitaka kuelewa karanga zilishindwaje, nenda Septemba au Oktoba, udongo utakueleza wenyewe. Gesti zipo za bei ya kawaida, safi, na usitarajie bwawa la kuogelea. Picha omba kwanza, iwe ni mtu, ng'ombe au ofisi ya serikali.

Muhimu kuliko yote: kaa na wazee. Aliyekuwa na miaka 15 mnyororo wa nanga ulipokuwa unaangusha miti, leo ana zaidi ya 90. Aliyewauzia maziwa wapigania uhuru mwaka 1964 akiwa binti mdogo, leo ni bibi wa kutembelea fimbo. Majengo yanabomoka, bati linaibwa, ukuta unaanguka na mvua. Siku wazee hawa wakiisha, tutabaki na vitabu vilivyoandikwa na watoto wa wale wale walioleta karanga, na humo Mgogo ni kibarua anayepita kwa mbali kwenye picha, hana hata jina.

Simu unayo, na ina kinasa sauti. Nunua kilo ya sukari, bisha hodi, toa shikamoo, na umwache babu aseme. Hiyo ndiyo sehemu ya Kongwa ambayo haitakungoja.

Haya, Dar-Dodoma safari ijayo, nani analala Gairo? Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.